Mzee Uzi na Pikapu Namba Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, fundi wetu wa magurudumu anakabidhi ovaroli na kufuli la kabati lake baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya idara ya maji. Wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu, Mzee Uzi. Mimi ndiye msimamizi wa karakana, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Afadhali ningepewa injini ya kufumua.

Aliingia hapa akiwa na spana moja, tena ya kuazima. Wakati huo mashine ya alaimenti haikuwepo. Alifunga nyuzi mbili kutoka nyuma ya gari hadi mbele, akazivuta zikanyooka, kisha akalala sakafuni na rula kupima kama magurudumu yanaelekea mbele pamoja au kila moja lina safari yake. Jina lilitokana na nyuzi hizo. Mashine ilipoletwa, pamoja na mtaalamu wake mwenye tai, Mzee aliomba apime gari lilelile kwa njia yake. Majibu hayakulingana. Mtaalamu akapekua kitabu chake nusu saa nzima, akagundua kwamba mashine ndiyo iliyokuwa imefungwa upande. Sisi tulicheka wiki nzima. Mzee alicheka siku moja, ambayo kwake ni nyingi.

Maana hana maneno. Mke wake aliwahi kupita hapa akatuuliza kama huwa anaongea kazini. Tukamjibu kwamba sisi tulidhani anayatumia yote nyumbani.

Miaka kumi na miwili iliyopita idara iliamua pikapu zake zote ziinuliwe, zifike kwenye pampu za mbali bila kukwaruza tumbo kwenye makorongo. Kuinua ni kazi ya siku moja: springi ndefu mbele, vyuma vya kuongeza kimo nyuma, na dereva anashuka akijiona mrefu kuliko bosi wake. Asichokiona ni kwamba gari likipanda juu, magurudumu ya mbele hayabaki yalivyokuwa. Lazima alaimenti ifanywe upya, na Mzee aliifanya mara mbili: siku ileile, kisha baada ya wiki tatu, springi mpya zikishakaa. Katikati ya hizo mbili alifunga uzi mwekundu kwenye usukani, na gari lenye uzi halikutoka nje ya mji. Hakuna fomu iliyosema hivyo, lakini hata mkurugenzi aliukuta kwenye gari lake siku moja akaomba lifti. Aliyeukata ni Mzee peke yake, baada ya kipimo cha pili, kwa mkasi mdogo aliouweka kwenye mfuko wa kifuani.

Hapa ndipo wasifu wa namna hii huruka. Wakati huo Mzee ndiye aliyekuwa msimamizi wa karakana. Leo anastaafu akiwa fundi wa daraja la pili, na waliokuja karibuni wamekuwa wakinong'ona kuhusu sababu. Ningeweza kumsifu kwa kurasa nne kisha nikae nipigiwe makofi, lakini hicho kingekuwa kilemba cha ukoka, na mwenye kumvika ningekuwa mimi.

Mwaka mmoja baada ya kazi hiyo kuanza, mke wake alilazwa, naye akaomba ruhusa ya siku nne. Aliniachia funguo, orodha ya magari na mkasi. Pikapu namba tisa ilikuwa imetimiza wiki tatu, ikisubiri kipimo cha pili. Dereva wake tulimwita Kasuku kwa sababu aliimba barabara nzima. Alitakiwa apeleke pampu mbali na akae huko mpaka maji yatoke. Alinijia mara tatu asubuhi moja.

"Kaka, we kata tu," aliniambia. "Gari halivuti popote. Si mimi ndiye ninayeliendesha?"

Nilikuwa na magari saba kwenye foleni, na mkasi ule ulikuwa umenipa kichwa kikubwa. Nilimwambia Kasuku amngoje Mzee, lakini jioni, yeye akiwa ameshaondoka, nikakata uzi bila kupima. Mzee aliporudi aliniuliza habari za namba tisa, nikamjibu kwamba nimeshaipima. Aliniamini. Kasuku alilichukua gari kesho yake, akidhani Mzee ndiye aliyelipima na kuukata uzi.

Kasuku alisema kweli, gari halikuvuta popote. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yanatazama nje kwa kiasi kilekile, na gari likiwa hivyo linakwenda limenyooka huku linakula matairi yake kwa upande wa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni. Wiki sita baadaye tairi moja lilipasuka kwenye mteremko. Kasuku alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti.

Kamati ilikuja karakanani ikauliza nani alikata uzi. Nilikuwa nimesimama kando ya kompresa. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmojammoja, na nyumbani nilikuwa na mtoto wa wiki mbili. Mzee alinitazama, akasubiri, akaona sifungui mdomo.

"Mkasi ni wangu," akasema.

Kamati ikaandika hivyo, ikafunga faili. Aliteremshwa cheo mwezi uleule. Miaka mitatu baadaye kiti chake nikapewa mimi, na nikakikalia.

Kasuku siku hizi ni mtunza stoo wetu. Kila asubuhi Mzee husimama kwenye dirisha la stoo, humsalimu, husubiri kidogo, hutia saini na kuchukua nati zake. Miaka kumi na moja salamu hiyo haijaitikiwa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi Kasuku huniitikia, tena huniulizia watoto kwa majina, na naapa hakuna kitu kinachonikondesha kama hicho. Mzee mwenyewe hajawahi kunikumbusha. Alichofanya ni kimoja tu: kila gari nililolipima, alikuja akachuchumaa, akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, kisha akaenda zake.

Jumatatu iliyopita niliingia stoo, nikafunga mlango, nikamweleza Kasuku yote. Alikuwa anapanga boliti kwenye droo. Nilitegemea anirushie moja. Aliuliza tu kama Mzee alijua. Nikamwambia alijua tangu siku ile ya kamati.

"Kwa hiyo mlinificha wawili," akasema. "Wewe umeniondolea mguu. Na yeye akanipa mtu wa uongo wa kumchukia."

Akarudi kwenye boliti zake. Sikuwa nimelifikiria hilo, na nadhani hata Mzee hakulifikiria. Alitaka kunifunika mimi, na shuka halikutosha watu wawili.

Barua yangu iko ofisini tangu siku hiyo. Nimeomba jina la Mzee lisafishwe kwenye faili lake kabla hajatoka getini, na kuhusu mimi wakubwa wataamua wanavyoona. Wakati wanaamua, yaandikwe hapa yaliyo ya kweli: katika miaka thelathini na minne hakuna gari alilolipima yeye likarudi kwa kosa la magurudumu, na mafundi kumi na sita wamejifunza kwake kulala sakafuni na kutazama kwa macho yao kabla ya kuamini mashine. Mimi ni mmoja wao, na ndiye niliyemwaibisha.

Mzee wetu, asante kwa kazi yako. Mengine siwezi kuyashukuru bila kuongeza kosa. Tunakutakia afya njema wewe na mama, asubuhi zisizo na honi getini, na siku nyingi za kukaa kitako. Ijumaa, kiti cha kushoto kwako tumemwekea Kasuku. Hajasema kama atakuja. Kikibaki kitupu, tafadhali Mzee, safari hii usisimame kusema kosa ni lako.