Salamu ya Salima kwenye Kompyuta Kumi

Mheshimiwa mwakilishi wa serikali ya komine. Ndugu Rais wa ushirika wetu wa mawese. Wageni waalikwa mliotoka Kabonga na Gatete. Na wewe Mzee Zabroni, fundi wetu wa kompyuta, unayestaafu leo na bado unayakwepa macho yangu: amahoro, amani kwenu nyote.

Kama mkuu wa ofisi, nimeombwa nimsifu Zabroni. Haya, nitamsifu, lakini kwanza nimshtaki kwa ubishi wake.

Wenzangu wa biro mnakumbuka zilipofika zile kompyuta mpya kumi. Tulikubaliana zote zinakiliwe kutoka ile ya marehemu Salima, sekretari wetu, kwa kuwa barua zetu zote, za Kifaransa na za Kirundi, alizipanga yeye. Zabroni akainakili diski. Mimi na haraka zangu, hata kabla hatujajaribu, nikaagiza kompyuta ya Salima ifutwe, ipelekwe shule moja ya Gatete. Ndipo tukawasha zile mpya. Zote kumi, kiza! Maandishi meupe tu, yakisema hakuna mfumo wa kuanzia.

Nani hakunisikia siku ile? Nilisema nakala imeharibika, nikaamuru aifute, aanze upya bila chochote cha zamani. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakingoja barua zao. Akanijibu taratibu, "Shefu, nakala iko nzima. Mashine ndizo hazijui pa kuanzia. Munipe siku tatu." Nikamnyima. Akazichukua.

Siku ya kwanza alinakili tena, zikakataa. Siku ya pili akabadilisha nyaya, zikakataa. Siku ya tatu akagundua kwamba diski ya Salima ilipangwa kuwaka kwa mtindo wa zamani, na mashine mpya zinajua mtindo mpya tu. Akaipanga upya sehemu ya kuanzia, barua hakuzigusa. Asubuhi ya nne akaniita, nami nikaja na barua ya kumuonya mkononi.

Zote kumi zikawaka. Na kwenye kila kioo yakatokea maneno aliyoyaweka Salima miaka ile, maneno niliyokuwa nimeyasahau kabisa: "Amahoro. Kunywa chai kwanza, barua itangoja."

Ndugu zangu, nililia mbele ya wafanyakazi wangu. Miaka kumi na tisa Salima alinimiminia chai kabla sijaweka mkoba chini, na hadi leo nina hamu naye. Zabroni alijua tangu mwanzo kilichomo mle. Hakuniambia, asije akaniaibisha. Ile barua niliichana.

Sasa, Mzee wangu, Jumatatu nitawasha mashine, Salima atanisalimia, nami nitageuka kukuambia kwamba zimewaka zote, kama nilivyozoea. Kiti kitakuwa kitupu. Ulinitunzia nakala ya Salima. Yako nitaipata wapi?

Murakoze, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Chai iko tayari. Tunyweni kwanza, hotuba nyingine zitangoja.