Gauni la Bega Lililoshuka

Fundi cherehani alikuwa amefura, na basi zima likapata habari.

"Dada yangu, wifi kalipiga picha gauni nililomshonea, sasa analiuza kwenye mchezo wa simu! Eti vikaragosi vivae! Mimi hata ahsante sijaambiwa!"

"Umejuaje ni lako?" akauliza jirani yake wa kiti, simu mkononi.

"Wifi ana bega moja limeshuka, nikamkatia kushoto chini kidogo. Huko mchezoni vikaragosi vyote vilivyolivaa vinatembea vimepinda!"

Jirani akaitazama simu yake, akanywea. "Kumbe! Nami nimekinunulia kikaragosi changu gauni hilo, nikadhani kinaumwa."

Basi likasimama. Fundi, aliyekwishainuka ashuke, akaketi tena, akavaa miwani.

"Hebu nikione. Wizi ni wa wifi, lakini mshono ni wangu!"