Noreen Tansley na Vipeperushi vya Wapinzani

Tarehe 31 Machi, Noreen Tansley atarudisha funguo za ofisi ya Chama cha Leba hapa Hathersby, baada ya miaka thelathini na saba akiwa wakala wetu wa uchaguzi. Kamati imeniomba mimi, Janice Bagshaw, katibu wa tawi, niandike maneno ya kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nitajaribu. Ila nasema mapema kwamba nimejaa hofu, na anayenijua anajua siwezi kuificha.

Noreen alianzia jikoni. Mwaka ule wa mgomo wa wachimba makaa, mumewe Ken akiwa hana mshahara, yeye alikuwa akimenya viazi katika ukumbi wa wachimbaji, akipika supu ya mtaa mzima. Kutoka kwenye viazi akaingia kugonga milango, na kutoka milangoni akakabidhiwa ofisi yetu, ile iliyo juu ya duka la chipsi. Tangu siku hiyo Chama hapa Hathersby kinanuka mafuta ya kukaangia, na sisi pia.

Kazi yake aliifanya kwa miguu. Hakuwa mtu wa kuuliza, "Mtatupigia kura?" Aliuliza, "Kuna nini kimeharibika hapa kwako?" Paa likivuja, anamwandama diwani mpaka fundi aonekane. Diwani mmoja alikuwa akimwona tu upande wa pili wa barabara, anajitosa kwenye duka la maua. Noreen akamfuata humo humo, akamkaripia mbele ya wateja, kisha akamwambia amnunulie Ken maua kwa sababu ni siku yake ya kuzaliwa. Alinunua.

Bahati nasibu ya nyama ya kila Ijumaa, ya kuchangia chama, aliiendesha yeye pia. Mara moja alishinda yeye mwenyewe mguu wa kondoo, akaona haya, akaurudisha. Ijumaa iliyofuata akashinda tena. Ken alimwambia akithubutu kuurudisha safari hii, na yeye asirudi nyumbani.

Na tulishinda. Tulishinda hata miaka ambayo chama kiliangushwa nchi nzima. Tulishinda na wagombea wazuri, na tulishinda na wengine ambao, Mungu anisamehe, niliwapigia kura nikiwa nimefumba macho. Wakati huo huo mambo yalikuwa yakibadilika taratibu. Zamani barua kutoka makao makuu zilianza na "Ndugu". Baadaye zikaanza na "Marafiki". Siku hizi tunaitwa "Wadau". Noreen alisoma hiyo ya mwisho kwa sauti akasema, "Mdau ni mtu wa benki, kipenzi. Mimi nilimenya viazi." Tulicheka sana. Leo sicheki.

Sasa nieleze jambo lililonitia hofu hii. Februari, tukijiandaa kwa uchaguzi wa madiwani wa mwezi wa tano, vipeperushi vyetu vilitoka kwa mpiga chapa mmoja ambaye pia huwachapia wapinzani wetu, Wahafidhina. Maboksi yakachanganyika, tukapewa ya kwao bila kujua. Noreen na mimi tukavibeba, tukapanda Barabara ya Chapel yote asubuhi hiyo, mlango kwa mlango, tukivisukuma kwenye matundu ya barua. Juu kulikuwa na bendera ya nchi, katikati familia inacheka jikoni, na maneno: "Tunasikiliza. Tunachapa kazi. Mabadiliko kwa familia zinazojituma." Jina la chama lilikuwa chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Noreen alikisoma mara mbili akasema hakina chumvi, lakini si kibaya.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Rodney Ashcombe, wakala wa Wahafidhina, adui wake wa siku nyingi.

"Noreen," akasema, "nadhani leo umenifanyia kampeni."

Wakakutana kwenye chumba cha chai karibu na kanisa, nami nikaenda, maana nilidhani watapigana. Rodney aliweka vipeperushi viwili mezani, cha kwao na cha kwetu, akafunika majina kwa vidole gumba. "Chagua chako," akamwambia. Noreen akatazama. Akatazama tena. Kisha akachagua cha Rodney.

Rodney hakucheka. "Baba yangu alinilea kwenye chama cha watu wasio na haraka," akasema. "Tulitaka kanisa libaki, shamba libaki, na kilicho kizima kisiguswe. Siku hizi kila kitu kinabomolewa kabla chai haijapoa, halafu wananiambia nikagawe karatasi kama yako."

"Na mimi chama changu kilikuwa cha mtu asiye na kitu isipokuwa jirani yake," Noreen akajibu. "Niambie umekiona wapi kwenye karatasi hizi." Rodney akasema hajakiona. Nilitamani mmojawapo amtukane mwenzake, walau ningejua tuko salama. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na pale mezani walikuwa wamekaa wawili wakijiuliza wamekuwa watumwa wa nani.

Kilichomuumiza zaidi Noreen ni kwamba hakuna aliyepiga simu kulalamika. Barabara ya Chapel ni ya wachimbaji watupu na wajukuu wao, mtaa ambao zamani karatasi ya Mhafidhina ungeikuta imetandikwa kwenye banda la sungura. Kwa hiyo akarudi mlango kwa mlango kuomba radhi, nami nikimfuata. Mzee Clifford Wragg, aliyekuwa naye tangu siku za supu, alimsikiliza akiwa amevaa ndara.

"Sikukisoma," akasema. "Nilikuona wewe dirishani, nikajua ni cha kwetu."

"Clifford, kilikuwa cha Wahafidhina."

"Basi ni hivyo. Mimi nyie mliniacha zamani, kipenzi. Nimekuwa nikikupigia kura wewe. Ukiondoka, nimpigie nani, na kwa sababu gani?"

Noreen aliikunja na kuikunjua skafu yake. Kisha akamuaga. Tulishuka ile barabara, na jioni hiyo akaandika barua ya kustaafu.

Nilimsihi. Nilimwambia angoje angalau uchaguzi upite. Nilimwambia ukweli, kwamba bila yeye tunazama. Akaniambia, "Nikibaki, Janice, watanipigia kura mimi tena, na huko juu watadhani wamepigiwa wao. Nimefanya hivyo miaka mingi mno." Makao makuu wamenitumia ujumbe wa kunitia moyo, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sijui nani huko amewahi kushika koleo.

Noreen, kwa niaba ya tawi, asante kwa supu, kwa mapaa yaliyozibwa, kwa ulimi wako na kwa magoti uliyoyamaliza kwenye ngazi za watu. Ken ametuahidi kwamba utapumzika. Hatumwamini, lakini tunakuombea. Uwe na siku njema na ndefu, na usiku wa uchaguzi uulale wote.

Sherehe ni Jumamosi ukumbini, pai zipo, Rodney amealikwa na amekubali. Jumatatu nitapanda Barabara ya Chapel peke yangu, na mlango wa kwanza ni wa mzee Wragg. Wanaoanza kazi hii huogopa kwamba mlango hautafunguliwa. Mimi naogopa kwamba atafungua, atanisubiri kwa adabu nimjibu swali lake, nami sitakuwa na kitu mkononi ila karatasi yetu ile.