Duangduean Phonsai na Rangi Nyekundu Iliyofifia

Marehemu Duangduean Phonsai, aliyeitwa nyumbani Kop, yaani Chura, kwa ile sauti yake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 huko Ban Phai, Khon Kaen, kifungua mimba wa Mzee Bunthan na Mama Lamai.

Alisoma shule ya hekalu kijijini. Huko aligundua kwamba mwalimu akisahihisha mitihani akiwa na njaa, darasa zima hufeli; akishashiba, hata mbumbumbu hufaulu. Akamtaka alinganishe alama za njaa na za shibe ndipo awapange wanafunzi. Alichapwa, lakini alama zililinganishwa.

Mwaka 1994 aliolewa na Prasong, fundi redio. Mwaka 1998 aliajiriwa katika maabara mjini. Kazi yake ilikuwa kusawazisha vipimo vya vipande vya kioo vyenye maelfu ya nukta. Kila nukta ni jeni, na rangi yake nyekundu hung'aa kadiri jeni hiyo inavyofanya kazi.

Machi 2006, mkuu wake, Profesa Thawat, alitangaza kwamba saratani ya njia za nyongo huzima jeni fulani, na kwamba ana dawa ya kuiamsha. Mgonjwa wa kwanza kuijaribu angekuwa Khamphan, mdogo wake Kop, mla samaki wabichi, wenye minyoo iletayo saratani hiyo, asiyesikia la mtu. Kwa tumaini hilo Khamphan aliahirisha upasuaji, ingawa uvimbe ulikuwa bado unaweza kukatwa.

Vioo vya wazima vilisomwa wakati wa mvua. Vya wagonjwa, wakati mashamba ya miwa yanachomwa, hewa yenye moshi ikiila ile rangi nyekundu. Kop aliona hata nukta za mizani, zisizopaswa kubadilika, zimefifia. Aliposawazisha, jeni ilikuwa macho kabisa.

Alisimama kikaoni, mbele ya wagonjwa.

"Profesa, jeni haijazimika. Ni rangi imefifia."

"Unajua mdogo wako ndiye wa kwanza?"

"Ndiyo maana nimesimama."

"Dada, kaa chini," Khamphan akasema. "Anayepasuliwa tumbo si wewe."

"Nikikosea, utanitukana mpaka uchoke. Nikinyamaza, nani atabaki wa kunitukana?"

Profesa alizitazama zile nukta, kisha akaisimamisha dawa. Khamphan aliingia chumba cha upasuaji bila kumuaga dada yake. Kop alikaa nje asijue kama amemwokoa au amemuua. Khamphan alipozinduka, alimwambia, "Umeniachia mshono kama wa gunia. Supu iko wapi?"

Desemba 2022 Kop alipigwa na kiharusi. Alifariki tarehe 17 Januari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Prasong.

Ameacha mume, binti yake Wilaiwan, wajukuu wawili, na Khamphan, aliyeombwa kusoma wasifu huu akakataa, akisema akifika penye upasuaji sauti haitatoka.

Apumzike kwa amani.