Ugonjwa Ulioitangulia Mali Yangu

Watu wa Mungu hapa Makere, sifa zimrudie Bwana! Zimrudie tena!

Ndugu zangu, mnanijua. Niliishia darasa la nne, lakini nani hapa hajala maharage yaliyopita ghalani kwangu? Nyumba ya matofali ya kuchoma ninayo, lori ninalo. Kasulu hadi Kibondo, taja jina langu uone!

Lakini kifo kilikuwa kinatumaliza. Mama alikufa kwa uvimbe wa titi. Dada yetu mkubwa akamfuata, titi likiwa kidonda. Nikasema ni wachawi, wanaonea wivu mali yangu! Mganga mmoja wa Muyama akasema ndiyo. Nikazindika nyumba, nikazindika na lori.

Mwaka 2014 mdogo wangu Yasinta akagusa uvimbe. Nikamfuata na mganga yule, na wembe wake, amchanje kifuani. Yasinta akajifunika kitenge.

"Kaka, mama alipokufa ulikuwa na nini?"

"Baiskeli."

"Nayo ya kuazima! Mchawi alionea wivu nini?"

Ndugu zangu, Roho wa Mungu ndiye aliyempa kinywa. Mganga nikamwacha uani, nikawasha lori.

Hospitalini daktari akasema uvimbe ni saratani, na iko kasoro ya vinasaba ambayo mzazi humrithisha mtoto, kama anavyomrithisha pua. Huenda yetu ni hiyo. Mwenye nayo yuko hatarini zaidi, ila si lazima augue. Kipimo cha kuiona hapa kwetu hakipo, lakini wakishakufa mama na dada, waliobaki wawahi kuchunguzwa.

Nikauliza, "Hata mwanamume?"

"Unaweza kuwa nayo, ukampa binti yako. Vua shati, mzee."

Nikavua, kitambi changu chote nje!

Kwangu hakuona kitu. Yasinta alikatwa titi Mwanza, akawekewa dawa kali, nywele zikaisha. Nilifunga, nililia mbele za Mungu, mimi nisiyelia. Na Bwana akasikia! Mtazameni benchi la tatu, amesuka!

Asante Yesu! Ndugu yangu, kama mama yako alikufa hivyo, usimtafute jirani. Mtegemee Mungu, umpeleke binti yako akachunguzwe. Wangu nimeshampeleka. Kesho asubuhi lori linakwenda tena hospitali, na nauli sitaki. Nani anapanda?