Alama za Mtoto wa Madam

Ndani ya basi la Deira, huko Uarabuni, Swafiya, muuza manukato wa Al Rigga, alijifanya anasoma simu huku sikio lake liko kiti cha mbele. Wanaume wawili wasiojuana walikuwa wakizungumza: dereva wa nyumbani, na mlinzi wa Kiganda.

"Leseni wamenifungia," alisema dereva. "Alama nyeusi za makosa ya barabarani zimefika ishirini na nne, na hata moja si yangu. Mtoto wa madam ndiye aliyevuka taa nyekundu, mara mbili."

"Nawe ukakubali ziandikwe kwako?"

"Madam alisema faini juu yake, na alilipa. Miaka tisa nimekula kwake, ndugu yangu. Ningemkataliaje?"

"Faini inalipika, alama hazilipiki. Ungekataa!"

"Wewe ungekataa?"

Swafiya naye alijiuliza, na jibu halikumpendeza.

Simu ya dereva ikalia. Akamwitikia madam kwa unyenyekevu, kisha akapewa azungumze na dereva mpya, Mmombasa mwenzake, aliyepotea njia ya shule.

"Ukipita msikiti, kata kulia. Punguza mwendo, pana kamera. Na yule kijana wa madam akikuomba usukani..."

Basi lilisimama kituo cha mlinzi. Hakushuka; alibaki mlangoni, akimsubiri dereva amalize.

"...mkumbushe afunge mkanda."