Simu ya Asali Yagoma Kusoma Sukari

Benchi letu liko nje ya sauna ya mtaa, upande wa ziwa, pale ambapo upepo wa Februari humkata masikio kila aliyesahau kofia. Tampere nzima, mji wetu huku Ufini, ina mabenchi ya namna hiyo, ila letu ndilo lenye maneno. Kila Alhamisi tunatoka humo ndani wekundu kama kamba waliochemshwa, taulo kiunoni, kikombe cha kahawa mkononi, mabega yakifuka mvuke, tunaketi kupoa na kubishana. Yupo Injini, fundi mstaafu wa mabasi, anayeamini kila kitu duniani kinatibika kwa moto au kwa grisi. Yupo Waziri, aliyekaa kwenye halmashauri ya mji kipindi kimoja tu na hajashuka jukwaani mpaka leo. Mimi wananiita Kiberiti. Anayetaka kujua sababu aniudhi. Na yupo Veijo, tunayemwita Asali kwa kuwa ana kisukari tangu ujana, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alhamisi hiyo Asali alitoka na simu badala ya kahawa, akajipenyeza katikati yetu na kusema haendi popote mpaka simu ipone.

— Imefanya nini? nikamuuliza.

— Imejisasisha usiku, yenyewe, bila kuniuliza. Asubuhi nafungua programu yangu ya sukari, inaniambia haiendani na simu hii.

— Haiendani vipi, na jana zilikuwa zinaendana?

— Si ndiyo nakuuliza wewe? Kutwa unatutambia umejifunza simu bila mwalimu.

Nikaichukua. Asali ana kidude cheupe kimebandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kidude kinapima sukari, kinaipa simu namba, simu inampelekea mkewe Tellervo namba hiyohiyo kule nyumbani. Na Tellervo ana sheria moja: bila namba, hakuna maji. Maana mwisho wa gati letu kuna tundu lililokatwa kwenye barafu, na Asali kutumbukia humo baada ya joto ndiyo furaha yake ya juma zima. Mwaka juzi sukari ilimshuka akiwa kwenye ngazi ya tundu hilo, tukamvuta kwa makwapa kama gunia la viazi.

— Leo naingia, akasema Asali. — Nyinyi tafuteni namba tu.

— Umewapigia wenye programu? Waziri akauliza.

— Nimewapigia. Wanasema simu yangu na huo mfumo mpya bado hazijajaribiwa pamoja. Nisubiri.

— Usubiri mpaka lini?

— Mpaka wajaribu.

— Na ile mashine ya kuchoma kidole?

— Iko nyumbani kwenye droo. Betri ilishakufa. Nani anachoma kidole siku hizi, Waziri? Hata sijui nile au nisile. Sindano ya insulini ya mchana nimejidunga kama kawaida, halafu chakula nikakiogopa, nikaja hivihivi.

Hapo ndipo tulipopaswa kusimama wote. Hatukusimama. Tulikuwa na simu.

— Hiyo ni baridi, akasema Injini. — Basi lililolala nje usiku kucha huliwashi kwa kulibembeleza. Lipashe moto. Leta hiyo simu niiweke ngazi ya chini ya sauna, dakika tano tu.

— Itaiva, nikamwambia.

— Ngazi ya chini haiivishi hata soseji!

— Injini, toa mkono wako hapa kabla sijaukunja.

Waziri akasafisha koo. Akisafisha koo, jua kikao kimefunguliwa.

— Ndugu zangu, hili si suala la baridi, ni suala la sera. Simu inazeeshwa makusudi. Wanakaa mezani, wanaambiana: huyu Asali ana simu yake mwaka wa nne, ananufaika tu. Mfungieni programu, atakimbia dukani.

— Lakini hata simu mpya kabisa hazimo kwenye orodha yao, akasema Asali. — Nimeangalia. Mpya hazimo, ya zamani imetoka.

— Unaona? akasema Waziri, kana kwamba amepewa ushahidi. — Hiyo sasa inanuka majirani zetu wa Uswidi.

— Uswidi inaingiaje hapa?

— Uswidi huwa haiingii, Kiberiti. Unashtukia tu imo.

Nikawaambia wanyamaze, mimi nina kazi. Nikaizima simu, nikaiwasha. Ikadai namba ya siri.

— Asali, namba ya siri.

Akanitajia. Ikakataa. Nikamwambia anitajie tena, akanitajia nyingine kabisa, nayo ikakataa.

— We mzee, unanichezea?

— Nimekwambia hiyohiyo!

— Umenipa mbili tofauti!

— Basi vidole vyako vinene! akafoka Asali, akajifuta uso kwa ncha ya taulo. — Nipe simu yangu. Nipe. Naingia majini.

— Kaa chini. Huingii bila namba.

— Wewe ni mke wangu?

— Mungu apishe mbali.

Injini akacheka mpaka kahawa ikamrukia gotini. Namba ya siri ikapatikana mara ya tatu, na programu ikaandika maneno yake yaleyale. Nikajaribu kuifuta na kuiweka upya. Ikakataa hata kupakuliwa.

— Mimi nimeshaielewa, akasema Injini, sasa ameinua kidole. — Kile kidude mkononi kinarusha namba kila wakati, sivyo? Simu hii haizipokei. Sasa namba zinakwenda wapi? Haziwezi kupotea. Kuna mtu mahali, labda Rovaniemi huko kaskazini, simu yake inamwambia sukari ya Asali. Mtu mzima kabisa, hana ugonjwa, kaacha kula keki.

— Na mkewe kamficha biskuti, akadakia Waziri.

— Ndiyo! Tumtafute huyo mtu, tumpigie, atuambie namba ni ngapi!

— Tutangaze redioni, akasema Waziri. Mkono mmoja ulishapanda juu kama anayehutubia. — Ndugu wananchi, yeyote anayejihisi ana sukari isiyo yake...

Na mimi, niliyekuwa nimekasirika kweli, nikacheka. Asali peke yake hakucheka. Alikuwa analitazama gati.

Ndipo akatoka mama mmoja wa makamo, kofia ya sufu rangi ya karoti kichwani, taulo kifuani, kahawa na andazi mkononi, mgeni kabisa. Alituambia anaitwa Hilppa, ametoka mji wa Oulu kumtembelea dada yake, akaomba nafasi. Tukasogea. Akapuliza kahawa yake, akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

— Samahani, akasema. — Nyinyi watatu mmekauka zamani, nywele zinaanza kuganda. Huyu bwana mbona jasho bado linamtiririka?

Mbele ya sauna, jasho ni nguo yetu sote. Nani ahangaike kuangalia nguo ya mwenzake? Nikamgeukia Asali. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni, midomo imepauka, mkono ulioshika taulo unatetemeka. Na haukuwa unatetemeka kwa baridi.

— Asali, unanisikia?

— Naingia majini, akasema, taratibu, kama mlevi.

Nikaruka. Nilifika kwenye dirisha la kuuzia kahawa na ndara moja.

— Soda ya machungwa! Haraka! Siyo ile isiyo na sukari, nikupasue!

Binti wa dirishani alinipa papo hapo. Niliporudi, Injini alikuwa amemkumbatia Asali kwa nyuma asiinuke, na Waziri amepiga magoti mbele yake akimshika miguu.

— Kunywa.

— Mimi sina shida, Kiberiti. Shida ni simu.

— Kunywa, au nakumiminia puani.

Akanywa. Nusu, halafu yote. Hilppa akakata andazi lake la iliki, akampa kidogokidogo mkononi. Tukamfunika kwa makoti yetu yote, sisi tukabaki na taulo, tumejikunyata kwenye baridi ile, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Nilikuwa nimeshamwambia binti wa dirishani: Asali akizidi kulegea, apige simu ya dharura.

Hakulegea. Rangi ilirudi kwanza mashavuni, halafu masikioni, halafu mdomoni, maana alianza kutukana.

— Nani kaniwekea koti la Injini? Linanuka dizeli.

— Huyo amepona, akasema Injini.

Mara simu ikalia mapajani mwangu. Sukari haikuweza kusoma, lakini kulia bado iliweza. Tellervo. Asali akaliona jina, akaninong'oneza:

— Mwambie nzuri. Mwambie saba na kitu.

Mimi simwambii mtu uongo, sembuse mke wa rafiki yangu. Nikapokea.

— Shemeji, ni Kiberiti. Mumeo sukari ilimshuka hapa benchini. Amekunywa soda, amekula andazi, anatutukana vizuri tu. Majini hajaingia, na leo haingii.

Asali akafunika uso kwa koti la Injini. Upande wa pili nikasikia bomba la maji likifungwa.

— Ilikuwa ngapi?

— Namba hatukuwa nayo. Simu imegoma tangu asubuhi.

— Sasa mlijuaje?

Nikamtazama Injini, akawa anachunguza ndara zake. Nikamtazama Waziri, ameshuka jukwaani hatimaye, anajifunga taulo upya.

— Hatukujua, shemeji. Tulikuwa naye katikati yetu, na hatukujua. Aliyeona ni mama mmoja mgeni, ameketi hapa hata kahawa yake haijapoa.

— Mpe simu huyo mama, akasema Tellervo. — Na nyinyi watatu msiondoke hapo.

Nikampa. Hatukuondoka.